Mimea ya Shuleni Ikifa, Mkulima Usikae Pembeni

  Leo hatuanzii shambani. Tunaanzia shuleni, kwenye makopo yaliyopangwa kando ya ukuta wa darasa.

Mtoto wako alikuja nyumbani siku moja akakuomba choroko kiganja kimoja. Akasema, "Baba, mwalimu ametuambia tupeleke mbegu. Tunafanya jaribio la sayansi." Ukampa. Majuma mawili yakapita. Jioni moja ukamwuliza, "Zile choroko zimefikia wapi?" Mtoto akaangalia chini, akajibu, "Zimekufa."

Je, wewe ulisema nini? Baadhi yetu hucheka: "Nyinyi wasomi mnashindwa hata kuotesha choroko!" Wengine, kwa huruma, humwambia mtoto, "Kang'oe miche michache pale shambani ukaipachike kwenye kopo, mwalimu hatajua." Yote mawili ni makosa, ndugu mkulima, na hilo la pili ndilo kosa kubwa zaidi. Kwa nini? Ndilo jambo tutakalolizungumza leo.

Kopo ni shamba dogo

Kwanza tuelewane. Lile kopo la shuleni ni shamba, ila ni dogo. Lina udongo, lina mbegu, lina maji na jua, kama lako. Kilichoua choroko kwenye kopo kinaweza kuwa kimo ghalani mwako, au zizini kwako, kinangoja msimu uanze. Kopo moja likifa, ni hasara ya mbegu nne. Ekari nzima ikikosa kuota, ni hasara ya mbegu, ya nguvu, ya fedha za vibarua, na ya mvua ambayo hairudi nyuma kukungoja. Basi heri ubaya uonekane kwenye kopo.

Tuchukue mfano wa Mkula, wilaya ya Busega. Siku hizi Busega iko mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Zamani tuliihesabu ndani ya wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Wenyeji wa huko wanalima pamba, mahindi, mtama, choroko, viazi vitamu, na mpunga penye maji. Ng'ombe wapo, kwa hiyo samadi ipo. Udongo nao una majina yake. Ule wa kichanga Wasukuma wanauita luseni: ni mwepisi kulima, maji hupita haraka, na rutuba yake ni haba. Ule mweusi wa mbugani ni mzito. Ukilowa unanata, ukikauka unapasuka.

Sasa tuseme wanafunzi wa shule mojawapo ya huko wamepewa swali: je, samadi inasaidia mimea kukua? Swali zuri. Wametafuta makopo kumi. Matano wametia udongo mweusi peke yake. Matano wametia udongo uleule pamoja na samadi waliyoichota zizini asubuhi hiyohiyo. Kila kopo wamepanda choroko nne. Kila siku wanamwagia maji, na kwa kuwa wana bidii, wanamwagia asubuhi, mchana na jioni.

Baada ya siku kumi wanahesabu. Kwenye makopo yasiyo na samadi, choroko 11 zimeota kati ya 20. Kwenye makopo yenye samadi zimeota 3 tu, nazo zimelala chini. Mtoto mmoja ameandika kwenye daftari, "Samadi ni sumu." Mwalimu ameshika kichwa, maana kitabu kinasema samadi ni chakula cha mimea. Na siku ya wazazi kuja kutazama kazi za wanafunzi imebaki majuma matano.

Hapo ndipo shule inapokuhitaji wewe, ndugu mkulima.

Usipachike miche

Jambo la kwanza ni hili: hakuna kupachika miche ya kuazima. Ukipachika mche wa shambani kwako kwenye kopo lililokufa, kopo litapendeza, lakini swali litakuwa limezikwa. Hakuna atakayejua ni nini kiliua zile choroko za kwanza. Na mtoto atakuwa amejifunza kwamba matokeo yakiwa mabaya, dawa yake ni uongo. Mtoto huyo kesho ndiye bwana shamba au bibi shamba wa kijiji chako. Utamwamini?

Kumbuka habari za kijana mmoja wa hapa hapa nchini, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu, naye akatia maziwa yake kwenye jokofu yakiwa bado ya moto. Akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Jambo hilo lilikwenda kinyume cha matarajio ya wote, lakini hakulificha. Aliendelea kuuliza, mpaka akamwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja. Hadi leo wanasayansi wa dunia hawajaafikiana juu ya jambo hilo, na bado linaitwa kwa jina la Mpemba. Yote hayo yalitokana na kijana aliyesema alichokiona.

Basi na hizi choroko 3 kati ya 20 ziandikwe hivyohivyo. Tatu ni tatu.

Fukua, tazama, uliza

Jambo la pili: kabla ya kumwaga udongo, fukua. Wewe shambani ukiona mahali mbegu hazikuota, huchokonoi kwa kidole uone kulikoni? Fanyeni hivyo hivyo kwenye makopo, tena polepole, kopo moja moja. Mbegu iliyokufa haisemi, lakini ina alama zake.

Ukikuta mbegu imevimba, imelainika na inanuka, hiyo imezama. Maji yalikuwa mengi, hewa haikupita. Geuza kopo utazame chini. Je, lina matundu? Mara nyingi halina. Kopo lisilo na matundu ni bwawa, hasa likiwa na udongo mweusi wa mbugani.

Ukikuta mbegu ni kavu na ngumu kama ulivyoipanda, maji hayakuifikia, au yaliifikia mara moja yakakatika. Uliza: Jumamosi na Jumapili nani alimwagia? Makopo mengi ya shule hufa mwisho wa juma.

Ukikuta mbegu ina kijitundu, au imebaki ganda tupu, hiyo ilibunguliwa na wadudu tangu ghalani. Kiini kikishaliwa, hata uimwagie maji ya mto mzima, haioti.

Ukikuta mbegu ilitoa mche, lakini mche umejikunja chini bila kutokeza, basi ilifukiwa mno au udongo wa juu uliganda. Choroko yatosha kuifukia sentimita tatu au nne. Mahindi, sentimita tano hivi.

Ukiona mche ulitokeza, kisha shina likanywea pale linapogusana na udongo, mche ukaanguka kama uliokatwa, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Unapenda udongo uliolowa kila wakati, na miche iliyobanana.

Na ukiona miche ni mirefu, myembamba, yenye rangi ya manjano, inainamia dirishani, hiyo inatafuta jua. Kopo litolewe ndani ya darasa.

Sasa turudi kwa wale wa Mkula katika mfano wetu. Wamefukua. Makopo yote hayana matundu. Mbegu kadhaa zina vijitundu vya wadudu. Na ule udongo wenye samadi, ukiingiza kidole, una joto na unanuka zizi. Samadi ni mbichi. Ikiwa bado inaoza hutoa joto, na ile chumvi ya mkojo na kinyesi huunguza mizizi michanga. Kwa hiyo hawakuwa na kosa moja, walikuwa na makosa matatu kwa mpigo. Hapo samadi haikuhukumiwa kwa haki. Kilichohukumiwa ni samadi mbichi, ndani ya kopo lisilo na matundu, kwa mbegu iliyobunguliwa.

Pima mbegu kwanza

Jambo la tatu: kabla ya kupanda upya, pimeni mbegu. Kazi hii ni rahisi, haihitaji hata shilingi, na inakufaa wewe nyumbani kuliko inavyoifaa shule.

Chukua mbegu 100 kutoka gunia lako. Usichague zile nzuri nzuri. Ingiza mkono juu, katikati na chini ya gunia, uchote zinavyokuja. Tandaza kitambaa kibichi au kipande cha gunia kilicholoweshwa. Panga mbegu mistari kumi, kila mstari mbegu kumi. Funika kwa kitambaa kingine kibichi, kunja, weka kivulini mahali pasipofikiwa na kuku. Kila siku nyunyizia maji kidogo, kitambaa kiwe na unyevu bila kuchuruzika. Siku ya saba fungua, uhesabu zilizotoa mzizi na chipukizi vizuri.

Zikiota 80 au zaidi, mbegu yako ni nzuri, panda. Zikiota kati ya 50 na 80, unaweza kupanda, lakini ongeza idadi ya mbegu kwenye kila shimo. Zikipungua 50, hiyo ni ya chungu, siyo ya shamba. Ila kama mbegu ilitiwa dawa ya wadudu, isiguse chungu kabisa.

Fikiria darasa la watoto arobaini. Kila mmoja akileta mbegu 100 za nyumbani kwao kabla ya mvua, na hesabu ikaandikwa ubaoni, kijiji kizima kitajua ni ghala gani lina mbegu na ni ghala gani lina makapi. Hilo ni jambo kubwa.

Tofauti iwe moja

Jambo la nne ndilo moyo wa kazi yenyewe. Katika jaribio, tofauti iwe moja tu. Ukitaka kujua habari za samadi, basi samadi peke yake ndiyo itofautiane. Udongo uwe mmoja, makopo yawe sawa, mbegu za gunia moja, kina kimoja, jua moja, na maji ya kipimo kimoja. Yale makopo yasiyo na samadi ndiyo ya kulinganishia. Bila hayo huwezi kusema lolote. Ni kama mtu anayesifu ng'ombe wake kwa maziwa mengi, na hajawahi kukamua wa jirani.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mbegu hubeba chakula chake yenyewe. Mche wa mahindi katika siku zake kumi au kumi na mbili za kwanza hula zaidi akiba iliyo ndani ya punje. Kwa hiyo ukipima samadi siku ya kumi, huenda usione tofauti yoyote, kwa sababu mche bado haujategemea sana chakula cha udongoni. Ngoja hadi juma la tatu na la nne.

Choroko nazo zina siri nyingine. Ni jamii ya kunde. Kwenye mizizi yake huota vinundu, na ndani ya vinundu hivyo kuna bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuipa mimea. Kwa hiyo choroko huweza kujitafutia sehemu ya chakula chake, na samadi isionyeshe kazi yake waziwazi. Mahindi hayana vinundu hivyo. Kama swali ni samadi, panda mahindi.

Basi mpango wa yale majuma matano uko hivi. Juma la kwanza, pimeni mbegu za mahindi, na huku mkitayarisha makopo. Toboeni kila kopo matundu manne au matano chini, kwa msumari. Chukueni udongo wa luseni, ule wa kichanga, kwa kuwa rutuba yake ni ndogo na maji hupita. Hapo kazi ya samadi itaonekana zaidi. Samadi iwe imeoza: iwe nyeusi, inapukutika mkononi, haina joto, hainuki kinyesi. Samadi ya namna hiyo haitoki zizini leo leo. Hulundikwa, huwekewa unyevu na kugeuzwa, kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Shule haina miezi mitatu. Lakini wewe, mkulima, huenda una lundo la mwaka jana nyuma ya nyumba. Wape debe moja.

Juma la pili, pandeni. Makopo matano, udongo mtupu. Makopo matano, sehemu tatu za udongo kwa sehemu moja ya samadi. Kila kopo punje tatu, na miche ikitokeza ibakizwe mmoja, ule wenye nguvu. Maji yapimwe kwa kikombe kilekile. Kabla ya kumwagia, mtoto aingize kidole sentimita mbili. Udongo ukiwa na unyevu, asimwagie kopo lolote. Ukiwa mkavu, makopo yote kumi yapate kipimo kimoja. Na makopo yachanganywe, yasikae ya samadi upande mmoja na matupu upande mwingine, maana upande mmoja unaweza kupata jua zaidi.

Hadi juma la tano, pimeni urefu kila Jumatatu na kila Ijumaa, mhesabu na majani. Daftari liwe na tarehe, namba ya kopo, urefu, majani, na yaliyotokea. Mbuzi akila kopo namba 6, iandikwe: mbuzi amekula kopo namba 6. Si aibu.

Kazi yako wewe mzazi

Labda utauliza, "Mimi sikusoma sana, nitamfundisha nini mwalimu?" Ndugu yangu, mwalimu ana kitabu, wewe una miaka. Wewe unajua lundo lipi la samadi limekomaa na gunia lipi lina fukusi. Unajua kuzungushia miba ili mbuzi asipite. Nenda kwa adabu, umwambie, "Mwalimu, nimesikia choroko zimekufa. Nimekuja tufukue pamoja." Hatakufukuza. Pangeni na zamu ya Jumamosi na Jumapili, watoto wanaokaa karibu na shule wamwagie.

Lakini usiwanyang'anye kazi. Mkono wa mtoto ndio ushike kopo, na macho yake ndiyo yapime. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi wajifunze humo kwa kufanya na kwa kushiriki kupanga. Mahali pengine baadaye jembe lilibaki na somo likapotea; shamba la shule likawa mahali pa adhabu. Tusirudie hayo kwenye makopo. Mtoto anayejua kwa nini anamwagia maji hasubiri kusukumwa.

Na ukirudi nyumbani, usiache ulichokiona kule shuleni. Msimu ukifika, acha mistari miwili ya mahindi yako bila samadi, katikati ya ile yenye samadi. Tia kijiti. Wakati wa kuvuna, pima debe za mistari miwili ya huku na miwili ya kule. Utakuwa umejipatia jibu la shamba lako mwenyewe.

Je, siku ya wazazi ikifika na mahindi yenye samadi yasiwe marefu kuliko mengine? Basi watoto waseme hivyo mbele ya wageni, na waonyeshe daftari. Waonyeshe na ukurasa wa kwanza, ule wa choroko 3 kati ya 20, waeleze walichokikuta walipofukua. Mimi ningekuwa mgeni wa siku hiyo, ningesimama kwenye ukurasa huo kuliko kwenye makopo yenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Msimu uliopita, ni mbegu gani haikuota vizuri kijijini kwenu? Nani alifukua kutazama sababu?

2. Ni nani kati yenu mwenye samadi iliyooza, anayeweza kuipa shule debe moja?

3. Nani atapima mbegu 100 juma hili, alete hesabu kwenye kikao kijacho?

Ndugu msikilizaji, muda wetu umekwisha. Kesho mtoto akirudi kutoka shuleni, mwulize habari za makopo. Akikwambia zimekufa, usicheke. Mwambie, "Twende tukafukue."